Picha ya Goma na watazamaji wake wawili

Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, ikitajwa kwenye habari za dunia, picha zake zinajulikana kabla hazijaonekana: mahema ya wakimbizi wa ndani, volkano ya Nyiragongo ikiwaka usiku, wanaume wenye bunduki juu ya gari, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyolemewa na magunia ya makaa. Harusi za Jumamosi hazimo, wala mtihani wa serikali, wala akina mama wa mtaa wa Birere wanaovuka mpaka wa Rwanda asubuhi na bidhaa zao kichwani. Juu ya jambo hili kuna kambi mbili za hoja, na kila moja ina wasomi wake. Ya kwanza inasema picha hizo ndizo zinazoamua Goma ni nini machoni pa walimwengu. Ya pili inajibu kwamba mtazamaji si gunia la kujazwa maana. Anachagua, anabisha, wakati mwingine anacheka tu. Naona kambi ya pili iko sahihi kuhusu jinsi watu wanavyosoma picha, ila inapwaya inapofika kwenye yale yanayotendeka baada ya picha kusomwa.

Mwaka 1955 gazeti la Paris Match lilitoa jalada lenye kijana mweusi aliyevaa sare ya jeshi la Ufaransa, akipiga saluti. Msomi Mfaransa Roland Barthes, ambaye kambi ya kwanza inamtegemea, aliliona akiwa kwa kinyozi, akaandika kwamba jalada lile lina maana mbili, moja imepanda juu ya nyingine. Ya kwanza ni kijana anayepiga saluti, basi. Ya pili inanong'ona kwamba Ufaransa ni dola kubwa, wana wake wa rangi zote wanaitumikia kwa uaminifu, na wanaolalamikia ukoloni hawana la kusema. Hatari iko kwenye mnong'ono huo, kwa kuwa hausikiki kama hoja ya mtu yeyote. Unasikika kama hali ya mambo. Chukua sasa picha ya mama mbele ya hema, iliyopigwa Kanyaruchinya, nje ya Goma, kabla kambi za wakimbizi hazijavunjwa mwaka 2025. Unaona mama, turubai, mawe meusi ya volkano. Unanong'onezwa kwamba huku ndivyo kulivyo na ndivyo kutakavyokuwa. Shamba aliloliacha Rutshuru, na anayeligombania shamba hilo, wamebaki nje ya fremu.

Gharama yake haiishii kwenye aibu. Mtafiti Séverine Autesserre alionyesha mwaka 2012 kwamba masimulizi matatu yalikuwa yamefunika mengine yote kuhusu mashariki mwa Kongo: chanzo cha vita ni madini, tokeo lake baya kuliko yote ni ubakaji, na dawa yake ni kuimarisha serikali. Miaka miwili kabla, mjumbe wa Umoja wa Mataifa Margot Wallström alikuwa ameiita nchi yetu makao makuu ya ubakaji duniani. Ukweli umo katika masimulizi yote matatu, na hakuna mtu wa Kivu atakayekana mateso ya wanawake wake. Lakini ugomvi wa ardhi, wa uchifu, wa nani mwenyeji na nani mgeni, uliachwa pembeni kwa sababu hauelezeki kwa sentensi moja, na ukatili wa aina nyingine ukakosa wa kuutazama.

Kambi ya pili inaongozwa na msomi wa utamaduni Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyefundisha Birmingham. Mwaka 1973 aliandika kwamba mtangazaji anaufunga ujumbe kwa ujuzi, mazoea na maslahi yake, na mtazamaji anaufungua kwa vya kwake. Anaweza kuupokea jinsi ulivyokusudiwa. Anaweza kuukubali kwa jumla huku akiupunguza kwa yale anayoyajua maishani mwake. Au anauelewa vizuri kabisa, halafu anaukataa. Goma tuna mahali pa kuyaona yote matatu: sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa Chukudu. Ujumbe wake rasmi ni jasho, ubunifu, mji unaojiinua. Wapo wanaoupokea hivyo na kupigia picha za harusi hapo. Mwingine atasema ndiyo, watu wetu ni wachapakazi, ila mtu yule alistahili barabara nzuri na lori. Na msukuma chukudu mwenyewe anaweza kuuliza kwa nini sanamu ipakwe dhahabu na yeye alipwe vile anavyolipwa. Wanaomsoma Hall harakaharaka husahau kwamba hakusema kila mtu anajitungia maana anavyopenda. Maana inayopendelewa ina taasisi nyuma yake. Anayeipinga anaanza akiwa chini.

Mtafiti Mwingereza David Morley alilipeleka wazo hilo kwa watu. Katika utafiti wake wa mwaka 1980 alivionyesha vikundi 29 programu ya BBC iliyoitwa Nationwide. Tabaka peke yake halikutosha kueleza majibu: vijana wanaojifunza ufundi waliisoma karibu sawa na mameneja wa benki, wakati viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliipinga. Wanafunzi weusi hawakujisumbua hata kuibishia, maana haikuwahusu. Hao ndio ninaowaona nikiwatazama watu wa Goma mbele ya taarifa za kimataifa zinazotuhusu sisi wenyewe.

Kuna habari, hata hivyo, ambazo mtu wa hapa hawezi kuzipita. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe. Amri ilikuwa moja, usomaji ukawa mwingi. Maelfu kwa maelfu walishika njia ya Sake, ya Minova, ya Gisenyi. Wengine walikataa, au walimwacha mmoja alinde nyumba, kwa kuwa waliisoma amri hiyo kwa kumbukumbu ya Januari 2002, lava ilipokata katikati ya mji, na kwa hofu ya wezi. Vitabu vinamwita mtu wa namna hiyo mtazamaji hai, na vinamsifu. Hapa anapima kama atakufa au ataibiwa. Anasikiliza Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, anageuza idhaa ya nje ya Kiswahili, kisha anafungua WhatsApp, ambako volkano ya nchi nyingine inaweza kuingia kwa jina la Nyiragongo. Uhai wa mtazamaji ndio unaoendesha pia redio trotwari, yaani uvumi wa mitaani, na wafuasi wa Hall hawapendi sana kulizungumza hilo.

Kinachonitenga na kambi ya pili ni hiki: picha nyingi za Goma hazikupigwa ili Goma izitazame. Tunaweza kuzikataa zote, na kukataa kwetu kusifike popote. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba aliyekaa akitazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo ilionyeshwa kwenye mikutano Uingereza na ikasaidia kuamsha hasira dhidi ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo kama mali yake binafsi. Anayesema picha za mateso hazina faida ana deni la kuijibu picha hii. Mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo. Ikapewa Ubelgiji. Waliokaa kwenye kumbi zile waliuona uovu vizuri, na suluhisho waliloliona ni mwenye mali mwingine kutoka Ulaya. Nsala hakuwa ukumbini.

Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, mambo yaligeuka kwa dakika chache. Kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Kodivaa, wakati wimbo wa taifa unaimbwa, wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kwa mkono mwingine. Kamera haikuwa na njia ya kuwakwepa. Ilikuwa ishara ya kupinga mauaji ya mashariki na ukimya wa dunia juu yake; Goma haikuhitaji maelezo. Watangazaji wa nje ndio waliolazimika kuyatafuta. Tulifungwa 1-0, lakini kwa mara moja wenye kuonyeshwa ndio walioufunga ujumbe.

Itasemwa kwamba tatizo linajimaliza lenyewe, kwa sababu picha nyingi za Goma sasa zinapigwa na vijana wa hapa hapa. Nina shaka. Mpiga picha wa mtaa wa Katindo anaweza kutuma harusi, soko, mtihani na hema. Mhariri wa mbali akinunua hema, wiki ijayo kijana atatuma hema tupu, kwa maana naye ana kodi ya nyumba. Utafiti wa mawasiliano umezoea kumuuliza msikilizaji ameelewa nini. Ningependa kuona vyuo vyetu vikihesabu picha zilizotumwa kutoka Goma kwa mwezi mmoja, zilizochapishwa kati ya hizo, na jina la kazi la aliyezikataa nyingine.