Namba ya Nyuma ya Spika Si Umri wa Boksi

Muuzaji wa boksi kuukuu la spika hufungua paneli ya nyuma, akaona namba iliyopigwa muhuri kwenye fremu ya spika, akatangaza: "La mwaka 1966." Namba inaweza kuwa ya kweli na tangazo likawa la uongo. Spika nyingi zilitengenezwa na kiwanda kimoja na boksi na kingine, kati yake zikalala ghalani kwa wiki au miezi. Halafu miaka inapita, koili inaungua, fundi anafunga spika yoyote inayoingia kwenye tundu.

Kwa maoni yangu boksi lisipewe mwaka mpaka alama tatu zisizotegemeana zikubaliane. Tena mwamuzi ni kifaa cha asili kilicho kichanga kuliko vyote. Spika ikiwa ya 1962 na kapasita (kifaa kidogo cha umeme ndani ya boksi) ya 1965, na zote hazijawahi kuguswa, boksi hilo halikufungwa kabla ya 1965, hata kama mmiliki anaipenda zaidi 1962.

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya uchunguzi kuanza, nalo ni kusafisha. Vumbi ni ushahidi. Skrubu ambayo haijaguswa tangu kiwandani ina vumbi lililoshikana ndani ya mfuo wake na rangi yake haijachubuka. Iliyofunguliwa inang'aa kingoni. Piga picha kwanza, pande zote sita na ndani, ndipo ushike bisibisi. Mihuri ya wino usiisugue kwa spiriti, itayeyuka. Mulika tochi kutoka ubavuni, karibu ilale kwenye chuma, namba iliyofifia itajitokeza. Na ukikuta sufi ya kioo ndani, vaa barakoa na glavu.

Kwa spika za Marekani utaratibu ni wa EIA, chama cha viwanda vya elektroniki vya huko. Tarakimu tatu za mwanzo kwa kawaida ni za kiwanda: 220 ni Jensen, 137 ni CTS, 465 ni Oxford, 328 ni Utah, Eminence ina mbili tu, 67. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Basi 220632 ni Jensen, mwaka unaoishia na 6, wiki ya 32. Tatizo liko hapo: ni 1956 au 1966? Namba yenyewe haisemi. Baadaye viwanda vingi vilianza kuandika mwaka kwa tarakimu mbili, kwa hiyo 1376720 haina utata, ni CTS, wiki ya 20 ya 1967. Kipimo cha haraka: tarakimu mbili za mwisho zikizidi 53, hiyo si tarehe, ni namba ya modeli au ya oda. Watu wengi wamepoteza jioni nzima wakifumbua namba ya oda.

Celestion ya Uingereza ilitumia herufi. Ya mwezi huruka I, hivyo Desemba ni M. Ya mwaka ilizunguka: A ni 1956, na tena ni 1968. Utata ni uleule, na dawa ni ileile: acha spika, soma boksi.

Sehemu ninayoiamini kuliko zote ni ubao wa mbele uliofichwa na spika. Itoe spika uangalie tundu. Fremu iliyokaa miaka mingi huacha duara lililobonyea au lenye rangi tofauti kwenye mbao. Likilingana na fremu uliyonayo, vizuri. Ukiona duara mbili, au matundu ya skrubu yaliyozibwa na mengine kutobolewa kando, spika imebadilishwa. Koni, ile karatasi ya spika inayotetemeka, ikiwekwa upya ni habari nyingine: fremu na namba yake hubaki za zamani, ila gundi ya ukingo ni safi mno na nyaya laini zinazoingia kwenye koni ni mpya. Hilo halibadilishi tarehe, linabadilisha thamani.

Ukiwa hapohapo, tazama ukingo wa mbao uliokatwa na msumeno. Matabaka ni plaiwudi, vipande vilivyoshikizwa kwa gundi ni chipubodi, na unga wa kahawia ulio sawa kote ni MDF. MDF ilianza kutengenezwa kibiashara nchini Marekani katika miaka ya 1960. Boksi la MDF linalouzwa kama la 1958 limejihukumu lenyewe.

Skrubu nazo zina la kusema, ila si lile wanalodhani wengi. Ya nyota ya kawaida ilikuwapo tangu miaka ya 1930, haithibitishi upya wowote. Lakini Pozidriv, yenye mistari minne myembamba kati ya mikono ya msalaba, ni ya miaka ya 1960 kuendelea. Soketi ya Speakon, ya kuchomekea waya wa spika, ni ya 1987 kuendelea. Ikiwa tundu lake limekatwa kiwandani, mjadala umekwisha. Ikiwa limekatwa kwa mkono, na utaliona kwa mikwaruzo, ni ukarabati tu.

Lebo isome kama karani. Masafa yakiandikwa kwa c/s (mizunguko kwa sekunde) badala ya Hz, huenda ni kabla ya miaka ya 1970, maana Hz ilipitishwa kimataifa 1960 na ikachukua muda kuenea. Anwani ya Marekani yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano ni ya 1963 au baada yake. "Chicago 38" ni mtindo wa kabla. Lakini kuwapo kwa alama mpya kunathibitisha, kutokuwapo hakuthibitishi kitu, kwa sababu viwanda vilimaliza lebo za zamani kabla ya kuchapisha nyingine.

Kitambaa cha mbele ni shahidi dhaifu, kinabadilishwa kwa saa mbili. Toa nembo tu uone kama chini yake rangi haikupauka; kama ni sawa kote, kimoja kati ya hivyo viwili si cha asili.

Sumaku husaidia kwa mbali. Alniko, aloi ya sumaku za zamani, ina kobalti, na vita vya jimbo la Shaba nchini Zaire (leo Kongo) mwaka 1978 vilipandisha bei yake hadi viwanda vikubwa, JBL kikiwamo, vikahamia ferati, ile pete pana ya kijivu. Ferati ya bei nafuu ilikuwapo tangu zamani, kwa hiyo usigeuze kanuni hiyo. Kwa Tannoy, kiwanda cha Uingereza, jina la spika hutosha kuweka sakafu, yaani mwaka ambao spika haiwezi kuutangulia: Monitor Gold ni ya 1967, HPD ni ya 1974.

Mwisho pima omu. Spika ya omu 8 husoma takriban 6 hadi 7 kwenye maltimita, ya 16 takriban 11 hadi 13. Boksi la spika nne za omu 16, zilizofungwa jozi mbili mfululizo kisha sambamba, husoma kama spika moja. Likisoma maradufu, karibu 25, jozi moja imekatika: tafuta spika iliyokufa au waya uliochomoka kabla ya kuunganisha amplifaya. Na unapoandika matokeo, andika hivi: "boksi kati ya 1965 na 1968, spika tatu za asili, ya chini kulia imebadilishwa, kitambaa kipya."