Safari ya Tatu kwa Sababu ya Muhuri

Ninaomba nafasi ya shahada ya uzamili katika ushauri wa kichungaji, na kwa mara ya tatu nimevuka ziwa kutoka Nansio hadi Mwanza kwa sababu ya barua ya mchungaji wangu. Kwanza ilikataliwa kwa kuwa bahasha haikufungwa kwa lakiri, kisha kwa kuwa muhuri wa usharika ulikuwa umefifia. Safari hii nimeambiwa kwamba tarehe yake imepitwa, ilhali barua hiyo imekaa mezani kwa maofisa wa chuo tangu mwezi uliopita.

Nauli si hoja. Kinachoniuma ni kwamba katika kurasa zote za fomu hakuna mahali panapouliza kama mwombaji amewahi kuketi na mfiwa. Mchungaji Anton Boisen, alipoanza mafunzo ya aina hii mwaka 1925 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Marekani, aliwapeleka wanafunzi wa theolojia kwa wagonjwa wenyewe ili wajifunze kwao. Mimi nimeketi na familia zilizopoteza ndugu katika ajali ya kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, na hadi leo baadhi yao huniita usiku. Jambo hilo halina nafasi ya kujazia, muhuri unayo.