Picha ya Machweo Haielezi Safari

Mwezi uliopita mpenzi mmoja wa simuleta za ndege, yaani programu za kurusha ndege kwenye kompyuta, alitutumia sisi wenzake picha ya ndege ndogo ya Cessna 172 ikielea juu ya theluji ya Kibo, jua likizama nyuma ya bawa, na chini yake akaandika maneno matatu tu: "Safari ya leo." Picha ilikuwa nzuri mno na pongezi zilimiminika. Lakini Kibo ina mita 5,895, yaani zaidi ya futi 19,300, ilhali mwongozo wa toleo la 172S unaiwekea ndege hiyo kikomo cha futi 14,000. Ndege ile haikupanda ikafika pale. Iliwekwa pale kwa kubofya ramani na kuandika kimo, jambo ambalo programu inaliruhusu na ambalo si dhambi, ila kuliita safari ni kutuonea.

Sina ugomvi na picha. Tangu Microsoft ilipotoa simuleta yake ya mwaka 2020, yenye ardhi iliyojengwa kutokana na picha za setilaiti na hali ya hewa ya saa hiyohiyo, mtu aliyekaa sebuleni anaona mambo ambayo zamani hatukuyaota, na ana kila sababu ya kuwaonyesha wenzake. Ninacholalamikia ni kwamba siku hizi tunaonyeshana mabawa na mawingu, na safari zenyewe hatusimuliani. Yupo anayewasha mtambo wa kujiendesha mara tu baada ya kupaa, akaenda kulala, na akiamka anakuta ndege inakaribia London. Afurahi, ni haki yake. Sijui tu atatusimulia nini, kwa kuwa safari ilipofanyika hakuwapo.

Mimi hutaka kujua upepo ulitoka wapi, ulibeba mafuta kiasi gani, ulichagua njia ipi ya kurukia na kwa nini, na hasa ulikosea wapi. Nitoe mfano wa aibu yangu mwenyewe. Uwanja wa Arusha uko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, na mimi, niliyezoea kupaa Dar es Salaam karibu kabisa na bahari, niliiachia injini mafuta yote kama kawaida. Hewa ya kule ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yakazidi hewa, injini ikakohoa na kupungukiwa nguvu, na miti ya mwisho wa njia ikaanza kukua mbele ya kioo. Dawa yake ni kishikio chekundu cha kupunguza mafuta, kilicho upande wa kulia wa kishikio cha nguvu, ambacho unakivuta taratibu ukiwa bado umesimama, injini ikiwa kwenye nguvu zote, hadi mizunguko yake ifike juu kabisa. Mwongozo unataka hivyo kwa kila uwanja ulio juu ya futi 3,000. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo zaidi ya mara moja, lakini ni miti ile iliyonifundisha.

Niliyaandika hayo yote nikawatumia wenzangu, na tangu hapo nimejiwekea desturi ya kuandika kila kitu, hata yale yanayonidhalilisha. Mwezi Julai nilitoka Dar kwenda Unguja, mwendo wa kama kilomita 73 kuelekea kaskazini, nikiwa nimeweka hali halisi ya hewa ya siku ile. Nikakiacha kisiwa cha Chumbe mkono wa kushoto, uwanja ukajitokeza mbele yangu umenyooka kama rula, nami nikatua moja kwa moja kwenye njia ya 36, yaani nikielekea kaskazini. Ndege ikakataa kushuka. Ilielea na kuelea, alama za kugusia zikapita chini yake, na nilipoandika taarifa nikalaumu usukani wangu wa bei rahisi.

Mwenzetu mmoja, ambaye kwa namna anavyoandika nadhani ni mtu wa pwani, alinijibu kwa swali: "Kaka, Julai upepo gani unavuma?" Kusi, bila shaka. Njia ya Unguja imelala kaskazini kusini, kama pepo zetu mbili zenyewe, na mimi nilikuwa nimetua nikiwa nimeupa upepo mgongo kwa uvivu wa kuzunguka.

Jioni ileile nikairudia safari. Nilipita juu ya bahari upande wa Mji Mkongwe, nikaenda mbele hadi uwanja ukabaki nyuma ya bega la kulia, kisha nikageuka na kushuka kwa njia ya 18, yaani nikielekea kusini, huku kusi ikinikabili usoni. Niliongeza dakika chache na mafuta kidogo. Magurudumu yaligusa palepale kwenye alama, kwa usukani uleule wa bei rahisi.