Django juu ya MongoDB: angalia kwanza umbo la data yako

Django, zana ya kujengea tovuti kwa lugha ya Python, ilizaliwa ndani ya gazeti moja huko Kansas, Marekani, na tangu itolewe kwa umma mwaka 2005 imetegemea hifadhidata za majedwali yanayohusiana: habari ina mwandishi, mwandishi ana habari nyingi. MongoDB, hifadhidata iliyotoka 2009, huhifadhi nyaraka zinazofanana na JSON (data iliyoandikwa kwa jozi za jina na thamani), kila moja na umbo lake. Waliotaka kuziunganisha walihangaika na maktaba za watu wengine kama Djongo au MongoEngine, hadi mwaka 2025 MongoDB wenyewe walipotoa kiunganishi rasmi. Kwa hiyo inawezekana. Kama inafaa, hilo ni jambo jingine.

Inafaa pale vitu visipofanana. Chukua duka la mtandaoni: kitenge kina urefu na rangi, simu ina ukubwa wa kumbukumbu, betri ya gari ina volti. Ukilazimisha jedwali moja, utajaza safu ambazo nyingi zitakaa tupu. Kwenye MongoDB kila bidhaa ni waraka mmoja unaosomwa kwa mkupuo, mradi usizidi megabaiti 16.

Shida huanza oda zinapoingia. Niliwahi kujenga duka la aina hii, nikanakili namba ya simu ya mteja ndani ya kila oda. Mteja akabadili namba, oda ambazo hazijapelekwa zikabaki na ile ya zamani, na bodaboda akashinda akipiga simu isiyopatikana. Kosa lilikuwa langu, lakini muundo wa nyaraka hukuvuta huko, maana kuziunganisha kwa $lookup (amri ya MongoDB ya kuvuta data kutoka mkusanyiko mwingine) kuna gharama, na ukifuta mteja, hifadhidata haikuzuii hata kama oda zake bado zipo. Ni kweli miamala ya nyaraka nyingi, yaani mabadiliko yanayofanikiwa yote au kufutwa yote, ipo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018. PostgreSQL, hifadhidata ya majedwali, ilikuwa nayo siku zote.

Halafu kuna vitambulisho vya kila rekodi. MongoDB hutumia ObjectId, msimbo wa herufi na tarakimu, wakati programu nyingi za nyongeza za Django zinatarajia namba kamili. Hata admin na auth, sehemu za Django za usimamizi na za kuingia kwa watumiaji, zinahitaji faili zao za migration (maelekezo ya kuunda hifadhidata) zitengenezwe upya.

Binafsi ningeanza na PostgreSQL. Ina jsonb, aina ya safu inayohifadhi JSON, tangu 2014, na tangu Django 3.1 ya mwaka 2020 JSONField, uga wa Django wa data hiyo, inafanya kazi kwenye hifadhidata zote ambazo Django yenyewe inazihudumia. Sifa za kitenge na za betri zinaingia humo, oda zinabaki kwenye majedwali. MongoDB ningeichukua pale ambapo karibu kila kitu ni waraka unaojitosheleza, mfano majibu ya fomu zinazobadilika kila wiki.