Ukisusia bandari, fedha yako nayo inasusia?

Mjadala kuhusu meli za kitalii zinazotia nanga katika nchi ambazo serikali zake zinalaumiwa una kambi mbili. Kambi moja inasema kushuka huko ni kuipa serikali fedha na sura nzuri. Nyingine inasema serikali si wananchi, na kususia humwumiza dereva wa teksi kabla hakujamgusa waziri. Kila kambi ina hoja yake, ila zote huiweka viza pembeni, kana kwamba ni karatasi za kumwachia wakala. Hapo ndipo zinapokosea. Kwa sehemu kubwa, masharti ya viza ndiyo yanayoamua abiria atatembea na nani, atamlipa nani na atarudi melini saa ngapi.

Tuanze na St. Petersburg, kabla Urusi haijaivamia Ukraine Februari 2022 na kampuni kubwa za meli za Magharibi kuiondoa bandari hiyo kwenye ratiba zao. Abiria wa meli aliruhusiwa kukaa hadi saa 72 bila viza, kwa sharti kwamba ashuke na ziara ya kampuni yenye leseni, azunguke nayo na arudi nayo. Aliyetaka kutembea peke yake na kula anapopenda alilazimika kuomba viza kamili mapema, pamoja na barua ya mwaliko, fomu na ada. Wengi walichukua njia nyepesi, na fedha zao zikapitia kwa waendesha ziara wenye leseni badala ya kusambaa mitaani.

China nayo ina utaratibu wa namna hiyo. Tangu Mei 15, 2024, watalii wa meli wanaingia bila viza hadi siku 15 kupitia bandari 13, zikiwemo Shanghai, Tianjin na Xiamen. Lakini lazima wawe kikundi cha watu wawili au zaidi, kiwe kimeandaliwa na wakala wa utalii wa China, na kiendelee na meli ileile hadi kitakapoondoka nchini. Si haki kudai kwamba kila wakala mwenye leseni ni mkono wa serikali. Wengi ni wafanyabiashara wa kawaida wenye mishahara ya kulipa. Hata hivyo, mlango wa kuwafikia ni mmoja, na ufunguo wake uko serikalini.

Wanasiasa wa upinzani wa Myanmar waliiona tofauti hiyo mapema. Katika miaka ya 1990 Aung San Suu Kyi, kiongozi wao, aliwataka watalii wasiende kabisa. Kufikia mwaka 2011 chama chake cha NLD kilikuwa kimelegeza msimamo: mgeni anayekuja mwenyewe na kutumia huduma za watu wadogo alikaribishwa, ila utalii wa makundi makubwa ya kupangwa uliendelea kupingwa. Kwa kipimo hicho, abiria wa meli aliyefungwa kwenye ziara ya basi ndiye mgeni mwenye faida ndogo zaidi kwa mwananchi. Naona kipimo hicho kina uzito kuliko swali la jumla la kwenda au kutokwenda.

Kuna wanaojibu: basi nitabaki melini. Kama ishara binafsi, ni jambo la kuheshimika. Kama shinikizo la kiuchumi, halifiki mbali. Ada za bandari hutozwa kwa ukubwa wa meli au kwa idadi ya abiria walio kwenye orodha, na kwa kawaida huwa zimo ndani ya bei ya tiketi uliyokwisha kulipa. Kubaki kitandani hakuzirudishi. Meli yenyewe ikiiruka bandari, mikataba mingi ya tiketi hurejesha ada hizo peke yake, bila fidia, kwa sababu kampuni imejiwekea haki ya kubadili njia wakati wowote. Anayetaka fedha yake isifike nchi fulani aamue kabla hajalipa malipo ya mwisho, kwa kuchagua safari nyingine.

Upande wa wanaotetea kushuka una ushahidi mzuri Havana. Mei 2016 meli ya Adonia ilitoka Miami hadi Cuba, safari ya kwanza ya aina hiyo baada ya miongo mingi. Miaka mitatu iliyofuata, wenye migahawa ya nyumbani na madereva wa magari ya kale walipata wateja ambao hawakuwa nao kabla. Juni 2019 serikali ya Marekani ikapiga marufuku safari hizo, na zuio likaanza siku iliyofuata tangazo. Umoja wa kampuni za meli, CLIA, ulisema karibu nafasi 800,000 zilizokwisha wekwa ziliathirika. Serikali ya Cuba haikuanguka. Wenye migahawa ndio waliobaki na viti vitupu.

Lakini upande wa pili una kesi nzito palepale. Kampuni ya Havana Docks, iliyokuwa na haki ya kuendesha magati yaliyotaifishwa baada ya mapinduzi, ilizishtaki kampuni nne kubwa za meli kwa Helms-Burton, sheria ya Marekani inayoruhusu kuwashtaki wanaonufaika na mali iliyotaifishwa Cuba. Mwaka 2022 mahakama ya Florida iliamua Havana Docks ilipwe zaidi ya dola milioni 400 kwa jumla. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ilitengua sehemu kubwa ya hukumu hiyo, na shauri likapelekwa hadi Mahakama ya Juu. Gati unaloshukia laweza kuwa mali inayogombaniwa, na hilo haliandikwi kwenye tangazo la safari.

Sasa viza zenyewe. Kosa linalowaangusha wengi ni kuhesabu nchi badala ya kuhesabu mara za kuingia. Njia ya Barcelona, Marseille, Tunis na Palermo inaonekana ni ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, yenye kituo kimoja cha nje. Kwa afisa wa mpaka, ukitoka kwenda Tunis umeondoka Schengen, na Palermo ni kuingia upya. Viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi. Kotor ya Montenegro na bandari za Uturuki zina athari hiyohiyo. Dubrovnik haina tena, kwa kuwa Kroatia iliingia Schengen Januari 2023. Omba viza ya kuingia mara nyingi, kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi, au ile utakayoingilia kwanza kama muda unalingana. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na uamuzi huchukua siku 15 ila waweza kufika 45.

Alaska ina mtego wake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 huzuia meli ya bendera ya kigeni kubeba abiria kutoka Seattle na kuwarudisha huko bila kugusa bandari ya nje, ndiyo maana meli husimama Victoria, Canada, mara nyingi jioni kwa saa chache. Mwenye pasipoti inayohitaji viza ya Canada aipate kwa ajili ya saa hizo, hata kama hana nia ya kushuka, na viza yake ya Marekani iwe ya kuingia mara nyingi. Ukikosa viza ya kituo kimoja tu, kampuni yaweza kukukatalia kupanda siku ya kwanza bila kurudisha nauli, kwa sababu faini ya kumleta mtu asiye na karatasi humwangukia yeye aliyemleta.

Mwisho, kuna bandari zinazokufuata baadaye. Raia wa nchi zinazoruhusiwa kuingia Marekani bila viza, kwa kibali cha mtandaoni cha ESTA, hupoteza haki hiyo akiwa amekwenda Cuba tangu Januari 12, 2021, hata kwa mchana mmoja. Hazuiwi kuingia Marekani, ila itambidi aombe viza ya kawaida na kupanga foleni ya usaili. Crimea, rasi ya Ukraine iliyotwaliwa na Urusi, ni kali zaidi: tangu Desemba 2014 vikwazo vya Umoja wa Ulaya vinazikataza meli za kitalii za Ulaya kutia nanga huko, na aliyeingia kupitia Urusi anahesabiwa na Ukraine kuwa amevunja sheria yake ya mpaka. Kwa hiyo orodha ya bandari isomwe na pasipoti zote ulizonazo zikiwa mezani, pamoja na safari unazotarajia miaka ijayo, kabla ya kulipa hata amana.