Dodoma mafundi umeme tunao, wa kufundisha je?

Niko Ujerumani miaka sasa, nafanya umeme wa majumbani, na juzi kati nimepata cheti cha kufundisha wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza kazi. Ndugu zangu wa Dodoma wananiuliza, we si fundi tayari, cheti kingine cha nini tena? Maana nyumbani ukishajua kazi basi unahesabika unaweza kufundisha, na mi naona hapo ndo tunapopigwa.

Huku dogo anasomea umeme miaka mitatu na nusu, shule kidogo kazini zaidi, na kampuni ikitaka wanagenzi lazima iwe na mtu aliyethibitishwa kwamba anajua kufundisha. Mtihani wenyewe unaitwa AEVO. Kuna wa kuandika, halafu wa vitendo nusu saa tu, robo saa unafundisha kitu kimoja, robo saa wanakuhoji. Mi nilichagua kupima kama waya hauna umeme. Kazi ya dakika moja hiyo, ila kuifundisha, aisee! Tesa, kile kifaa cha kupima umeme, unaijaribu kwanza pale unapojua umeme upo, unapima pale ulipozima, kisha unarudi kuijaribu tena kwenye umeme, maana inaweza kufa katikati hapo we ukadhani ni waya ndo hauna kitu. Unaeleza, unafanya polepole, dogo anarudia huku anakwambia kwa nini anafanya hivyo, ndo unamwachia afanye mwenyewe.

Sasa njoo Ilazo au Nzuguni, nyumba zinaota tu tangu serikali ihamie, kazi za wayaringi hazikauki. Dogo anabeba ngazi, anachimba ukuta kwa tindo, anavuta waya kwenye konduiti hadi viganja vinachubuka, fundi akifika kwenye kufunga breka anamtuma akanunue maji. Wanaficha makusudi, wanaogopa dogo akishajua atawachukulia wateja (na kweli anawachukulia, tusidanganyane). Tesa yenyewe ile bisibisi ya taa, ikiwaka imewaka.

VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, ipo na walimu wake wana chuo chao Morogoro, sina ugomvi nao. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, nao wanatoa leseni za mafundi umeme. Ila vijana kibao wanajifunzia mtaani, na huyo fundi wa mtaani nani kamuuliza kama anajua kufundisha?

Msiniambie ni mambo ya Wazungu. Wajerumani wenyewe mwaka 2003 waliacha kuulazimisha huo mtihani ili makampuni yachukue vijana wengi zaidi, 2009 wakaurudisha kuwa lazima. Kitu kimoja tu dogo wa Dodoma anawaacha mbali hawa, mpeleke nyumba isiyo na mchoro, waya zote rangi moja, atahangaika mpaka shoti aipate, wa huku atapiga simu ofisini kwanza.

Na hela. Huku mwanagenzi analipwa kwa sheria, mwaka 2020 waliweka kima cha chini euro 515 kwa mwezi kwa aliye mwaka wa kwanza na tangu hapo kinapanda. Kwetu ni nauli na chipsi, siku kazi ikichanganya hata nauli hupati. Mi ningeanza hivi, fundi akienda kuhuisha leseni aende na dogo wake, dogo apime waya mbele ya watu na aeleze anachofanya. Mafundi watanuna, watasema ukimfundisha anahama. Mlipeni basi tuone kama atahama.