Vespa iliyonikokota mbele ya wakwe

Haya, ile video ya mtu anayekokotwa na Vespa mteremkoni, kofia usoni, ni mie. Aliyeirusha tunakula naye sahani moja, na ameianzia pale panapomfaa yeye. Leo nasema yote, na mcheke kwa adabu.

Vespa yangu, kipikipiki changu cha zamani, mnaijua. Sakafu imeliwa na upepo wa chumvi, mvua ikinyesha maji yananirukia mpaka kwenye kanzu. Na Vespa tangu ilipoanza kuundwa 1946 haina chesisi, yaani fremu ya peke yake; bodi ndiyo chesisi. Sakafu ikioza, umeoza uti wa mgongo. Fundi mmoja wa Mwanakwerekwe akanitajia bei ya kubandika bati jipya. Nikajiambia, kwa pesa hiyo naongeza kidogo nanunua mashine yangu mwenyewe ya kuchomelea, nichomelee na geti, na ekzosi ya gari ya bamkwe, niitwe fundi.

Yule fundi kwa roho safi akanambia: "Yakhe, bati hilo halifiki milimita mbili. Tafuta mashine ya waya, ile isiyotaka gesi. Ukichukua ya vijiti, basi vijiti viwe vyembamba, na ampea uziteremshe." Nikaitikia. Kisha nikashuka Darajani nikanunua ya vijiti. Jamani, ya waya bei yake ilinitoa jasho! Na hii ilikuwa ndogo, nyekundu, ubavuni imeandikwa 250 kwa rangi ya dhahabu, halafu ina mkanda wa kuivaa begani. Ule mkanda ndio ulionimaliza.

(Hiyo 250 msiiamini. Plagi ya nyumbani fyuzi yake ni ampea 13. Kwa volti 230 unapata wati 3,000 hivi, basi. Ampea 250 za kweli zinataka zaidi ya mara mbili ya hapo. Na kikaratasi cha mashine kikisema asilimia 60, maana yake kwenye kila dakika 10 unachomelea 6, nyengine unaiwacha ipoe. Haya nimeyasoma baadaye, nikiwa nimejificha ndani.)

Kazi nikaipeleka kwa wakwe, maana wao ndio wenye uwanja. Na ndio wenye mteremko. Bamkwe na wazee wenzake wako barazani wanatazama mpira. Mashine nimeichomeka kwenye ekstensheni ya dirishani, ile ile ya tivii. Mkanda begani. Athi, ule waya wa pili wa mashine wenye kibanio, nimeibana kwenye sakafu ya Vespa. Kijiti cha milimita 3.2, kwa kuwa ndicho nilichopewa bure dukani. Kofia kichwani.

Sasa twende taratibu.

Kioo cha ile kofia ni giza tupu mpaka cheche itoke. Nikapapasa, nikagusa. Cheche! Wazee wakasema, "Mashaallah." Kijiti kikaganda. Navuta, hakitoki. Kinaanza kuwa chekundu. Rafiki yangu, simu mkononi, anapiga kelele: "Achia! Achia!" Koleo la kushikia kijiti lina kishikio, ukikibonya linakiachia kijiti. Mtoto anajua. Mie nikavuta kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa muhogo, na Vespa ikaruka kutoka kwenye stendi, ikaanza kushuka mteremko.

Niko kushoto kwake. Mkono wa kulia umeshika koleo, koleo limeshika kijiti, kijiti kimeshika sakafu. Wa kushoto nikaupeleka kwenye usukani, nikabinya breki kwa nguvu zangu zote. Wenye Vespa mshaanza kucheka. Kushoto kwa Vespa ni klachi! Breki ya mkono iko kulia, na ya mguu iko sakafuni upande wa pili. Basi nakimbia nimeinama, kofia imenishukia usoni, jua lote la Unguja silioni, nabinya klachi, na nyuma yangu nasikia kitu kinaburura. Ekstensheni hiyo. Imetoka dirishani, na king'amuzi kinaifuata. Barazani mtu alikuwa ashasema "Penalti!" Pakawa kimya. Kisha nikasikia jina langu likiitwa lote, mpaka la babu.

Tulisimama kwenye benchi la bibi wa urojo. Akaninyanyua kofia kwa mkono mmoja, upawa kwa mwengine. "Mwanangu, ukitaka urojo si uje tu?"

Yaliyobaki mafupi. Hakuna aliyeumia. King'amuzi nimelipa. Usiku macho yaliwasha mpaka alfajiri, kwa zile cheche nilizokuwa nazijaribu mwanzo bila kofia. Dukani mali ikitoka hairudi. Kijiti kilipong'oka kiliondoka na kipande cha sakafu, tundu sasa linapita ngumi. Bamkwe tunasalimiana, lakini kwa kupitia mke wangu.

Mwenye kujua vijiti vya milimita 2 vinauzwa wapi hapa Unguja, anitumie ujumbe wa siri. Hapa hadharani nyinyi kazi yenu kucheka tu.